Falzein au Sankt Ingen

Jumapili, 8 Januari

Chakula cha mchana kwa Mama. Nyama ya kuchemsha, viazi. Kabla ya kahawa kaka yangu Wolfram akaweka simu yake katikati ya meza: picha ya Sankt Ingen, kijiji cha kuteleza kwenye theluji. Lifti mpya ya kupanda mlimani, viti vina joto, jua mpaka jioni.

"Mwaka huu tubadilishe," akasema. "Tupige kura, kama watu wastaarabu."

Tubadilishe! Mwaka huu ni wetu wa ishirini na tano Falzein. Wiki ileile ya likizo ya Februari, nyumba ileile ya Bi Burga, vyumba vilevile vya juu. Mgeni akitimiza mwaka wa ishirini na tano, kijiji kinamvisha beji ya dhahabu. Meya anakuja, bendi inapiga, mgeni analia kidogo. Baba aliishia kwenye ya fedha. Tulimzika nayo.

Nikamwambia Wolfram kwamba Mama amebakiza mwaka mmoja apate ya dhahabu, na yeye anataka kumhamishia ng'ambo ya mlima kwa ajili ya kiti chenye joto.

"Dada, makalio yako yana miaka hamsini na sita. Yaulize yenyewe."

Mkewe Ines akacheka mpaka akapaliwa. Mama alikusanya sahani, akaenda nazo jikoni. Ameumia. Namjua.

Jumanne, 10 Januari

Wolfram anatuma picha tangu asubuhi. Mikahawa juani. Watoto wamevaa kofia za rangi. Sijajibu.

Kati ya Falzein na Sankt Ingen kuna mgongo mmoja tu wa mlima. Ukifika juu unawaona wa upande wa pili, unaweza hata kuwapungia mkono. Lakini kadi ya lifti ya huku haifungui mlango wa kule. Vijiji viligombana zamani na havijawahi kukubaliana kadi moja. Bi Burga halitaji hata jina. Husema "kule", kama mtu anayezungumzia choo.

Nimejaribu kuwa mwadilifu, kama ningekuwa kazini gazetini, naandika habari ya watu wengine. Sankt Ingen: jua, miteremko mipana, foleni, muziki wa kelele kwenye kila kituo. Falzein: kivuli kuanzia saa nane mchana, lifti za zamani, theluji isiyoyeyuka. Na Bi Burga. Na Mama anayeijua kila ngazi.

Hakuna cha kuchagua.

Jumapili, 15 Januari

Kura imepigwa. Wolfram na Ines: Sankt Ingen. Mimi: Falzein. Mama akasema, "Mimi nitakwenda mtakakokwenda, wanangu."

Nikamwambia hapana, aseme la moyoni, asimwogope mtu. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Basi Falzein," akasema. Alikuwa anamtazama Wolfram.

Wawili kwa wawili, na Mama ndiye mkubwa. Wolfram alisalimu amri upesi kuliko nilivyotarajia.

"Haya, dada. Mpigie Bi Burga, ahakikishe vyumba."

Ametuona wageni wa jana? Kwa Bi Burga hakuna kuhakikisha. Siku ya kuondoka unampa mkono mlangoni, unasema "kama kawaida", na vyumba ni vyako mwaka ujao. Hakuna karatasi. Ukimpigia simu kuuliza, umemwambia mkono wake hautoshi. Tangu Baba afariki, anayetoa mkono ni Wolfram. Anayajua haya yote.

Jumatano, 18 Januari

Nilipiga hata hivyo. Kwa kisingizio — kuuliza theluji ikoje.

"Rosi! Umepotea, mwanangu. Mama anaendeleaje na ule moyo?"

Moyo gani? Mama anaogelea kila asubuhi. Amewashinda wajane wote wa mtaa wake!

Basi ikatoka, polepole. Mwaka jana, siku ya kuondoka, sisi tulipokuwa tunafunga ski zetu za kutelezea juu ya gari, Wolfram alimshika Bi Burga mkono kwa mikono yake miwili. Akamwambia moyo wa Mama hauwezi tena milima. Ndiyo mara ya mwisho. Bi Burga alilia jikoni. Vyumba vyetu akawapa watu wa kutoka mji wa Ulm, tangu Pasaka.

Nikamuuliza kwa nini hakutupigia simu mwaka mzima.

"Nimpigie mgonjwa, nimuulize kama bado hawezi? Ningekuwa mtu wa namna gani?"

Na sisi hatukumpigia kwa sababu mkono ulishatolewa. Adabu huku, adabu kule, na katikati uongo umelala raha mustarehe karibu mwaka.

Nikamwambia Mama ni mzima. Akasema: "Kwa hiyo kaka yako amenidanganya mlangoni kwangu, mkono wangu ukiwa ndani ya wake."

Nilisema ndiyo.

Baadaye nikampigia Wolfram. Hakukana. Nyumba ya Sankt Ingen alishaichukua tangu Machi. Na kura?

"Nilitaka mfikie uamuzi huo wenyewe."

Maigizo! Ametukalisha mezani kwa mama yetu, tukanyoosha mikono kama watoto wa shule. Nimewahoji mawaziri waliokuwa waongo kuliko yeye, lakini hao hawakulala chumba kimoja nami utotoni wakiogopa radi.

"Dada, liache hili," akasema. "Hujui kila kitu."

Nikamwambia kujua ndiyo kazi yangu. Akakata simu.

Jumatatu, 23 Januari

Bi Burga amepiga mwenyewe. Wale wa Ulm hawawezi kuondolewa, ameshawapa neno. Lakini ametupa chumba chake! Chumba chake cha kulala, cha chini, chenye jiko la vigae la kupasha joto. Yeye atalala kwenye chumba cha kupigia pasi. Ameongea na meya. Jumamosi, tarehe nne, saa kumi na moja jioni: bendi, beji, madonge ya jibini kwenye supu.

"Kaka yako asikanyage."

Hatakanyaga. Anakwenda kule na familia yake. Mama nimemwambia tu kwamba mwaka huu tumegawanyika, na kwamba Bi Burga ametupisha chumbani mwake.

"Chumba chake mwenyewe?" Mama akakaa kitini. "Jamani, Rosi."

Kuhusu moyo sijamwambia. Hakuna mama anayestahili kusikia kutoka kwa mtoto mmoja kwamba mwingine amemsingizia ugonjwa. Wolfram ametuma ujumbe mara mbili, nimeufuta bila kuusoma. Kazini wameniuliza kama naumwa jino.

Ijumaa, 3 Februari

Ski zimepakwa nta. Mama amefungasha sweta, gauni la sherehe, miwani ya jua miwili na mafuta ya kuzuia jua, chupa kubwa. Falzein! Nimecheka, nikambebea sanduku.

Jumamosi, 4 Februari

Kituo cha mafuta, chini ya njia panda: kushoto Falzein, kulia Sankt Ingen. Naandika juu ya usukani. Mama yuko pembeni yangu, anakula tufaha.

Kilomita chache kabla ya hapa alisema, "Rosi, simama hapo mbele." Nikadhani choo. Nikasimama. Hakushuka.

"Mimi ndiye niliyemtuma Wolfram."

Sikuelewa. Akarudia, kwa sauti ileile ya kuagiza mkate. Alimwomba mwaka jana, wiki ile ile, wakiwa wawili kwenye lifti. Amwondoe Falzein, kwa njia yoyote, ila asimuumize mtu.

Nikamuuliza: na Baba? Na miaka yote ile?

"Baba yako aliipenda Falzein. Mimi nilimpenda baba yako." Akaendelea kutafuna. "Saa nane jua limekwisha. Unakaa kivulini na blanketi, Burga anakusimulia nyonga yake. Ukiinua macho, wenzako kule juu wanaota jua. Miaka ishirini na minne, mwanangu."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Wewe? Ungenihoji."

"Na huo moyo?"

"Wolfram alitaka kusema mgongo. Nikamwambia mgongo hautoshi, Burga atatafuta mkandaji."

Nilikuwa nimeshika usukani, gari limezimwa. Nikamuuliza kuhusu kura. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu akisema Falzein.

"Ulining'ang'aniza mbele ya watu. Nikasema ulichotaka kusikia. Ulifurahi sana, Rosi."

Karibu wiki nne nimeitetea haja isiyo ya mtu yeyote. Nimemwita ndugu yangu mwongo, na amenyamaza kwa ajili ya Mama. Na Bi Burga ameshajitandikia kitanda kwenye chumba cha kupigia pasi.

Nikamwambia hayo ya Bi Burga. Akasema ndiyo maana amenisimamisha hapa, hajapata usingizi tangu aliposikia habari za chumba. "Ningeweza kuvumilia wiki moja. Lakini ile beji! Ukishavishwa ya dhahabu huondoki tena. Wanakuhesabu mpaka ufe."

Hapo simu ikalia. Bi Burga. Sauti ilijaa gari zima: tuko wapi, bendi imefika mapema na imeshaanza bia, meya anauliza kama Mama ataweza kusimama wakati wa hotuba au aletewe kiti.

Nilifungua kinywa. Mama akaniwahi.

"Burga, kipenzi! Tumekaribia kabisa. Kiti cha nini? Moyo wangu wa simba. Hata mimi, mpenzi wangu, hata mimi nimekukumbuka!"

Asali tupu. Sauti ile ninaijua. Ndiyo anayonikaribishia mimi kila Jumapili nikiingia mlangoni.

Akabonyeza, akakata. Akafungua dirisha, akatupa kokwa la tufaha kwenye theluji.

"Sasa kata kulia. Saa kumi na moja mpigie, mwambie barabara ya Falzein imefungwa. Theluji imeporomoka. Wewe ni mwandishi wa habari, atakuamini."

Nimetazama kushoto. Barabara iko wazi. Imemwagwa chumvi, magari yanapanda mpaka kona ya juu, moja moja, taa zimewashwa. Saa kumi na robo.

Mama amejipaka mafuta ya jua usoni na anauliza naandika nini.