Maji ya Kuosha Salle ya Watoto

Élisabethville, Jumamosi, jioni. Mvua imeacha tangu saa tisa na hewa ni ya baridi. Mikono yangu bado inanuka dawa ya javeli, lakini leo harufu hiyo sioni ubaya wake.

Daktari amepita asubuhi akakagua watoto mmoja mmoja: ngozi, koo, macho. Kisha akamwambia masœur, mtawa anayeongoza salle yetu, wodi ya watoto, kwamba ndui haikumpata mtoto mwingine. Masœur aliketi kwenye kitanda kitupu akafunika uso. Mimi nilitoka nje na ndoo yangu nikalia kidogo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru pia Mama Kapinga, na hili nataka niliandike vizuri.

Mtoto wa kwanza aliletwa na homa tu. Tukamlaza katikati ya wenzake. Vipele vilipotokea, wote walikuwa wamekwisha kugusa vitanda vilevile na vikombe vilevile. Alitengwa, waliobaki wakachanjwa na kuhamishiwa barazani, na mvua ikawa inawarushia manyunyu. Masœur alituonya sisi waosha salle tusifagie sakafu ikiwa kavu, kwa sababu ugonjwa huu unabaki kwenye shuka na kwenye vumbi la magamba ya vidonda. Kila kitu kioshwe au kichemshwe.

Javeli ilikuwapo. Maji hayakuwapo.

Tangu mapigano ya mjini, mabomba yalikuwa yamekauka, na mvua tuliyokinga haikutosha hata kunywa. Kisima cha karibu kiko misioni, ng'ambo ya kizuizi cha askari.

Mama Kapinga ni jirani yangu, mtu wa Kasai, anauza chumvi na samaki wakavu sokoni. Mjukuu wake alikuwa mmoja wa wale wa barazani. Ndugu zake karibu wote wamekwisha kukimbilia kambi ya wakimbizi, kwa sababu askari wanawakamata watu wa Kasai, na yeye alikuwa hatoki nyumbani ila kwa lazima. Siku watoto walipohamishiwa barazani, alipita mlango kwa mlango akiita wanawake, wa Kasai na sisi wa kaskazini. Tulikwenda kisimani kwa njia ya nyuma, lakini kurudi na ndoo kichwani ilibidi tupite barabarani, penye kizuizi.

Askari alimsikia akisema, akamtambua kwa matamshi kuwa ni wa Kasai.

"Wewe mama, baki hapa. Bengine bapite."

Hakuna aliyepita. Sijui nani alitua ndoo yake kwanza. Nilitua yangu, nikasikia nyingine zikitua nyuma yangu.

"Tunaenda kuosha salle ya batoto," nilimwambia. "Ndui iliingia mule. Kama huyu mama anabaki, siye wote tunabaki, na maji inabaki."

"Ndui?" Alirudi nyuma hatua moja. Alitazama ndoo, akamtazama Mama Kapinga. Nilifikiri atatupiga.

"Endeni," alisema mwishowe. "Endeni mbiyo."

Tukaenda, maji yakitumwagikia mabegani.

Tulichoma magodoro ya majani. Shuka tulizichemsha kwenye mapipa uani. Tukapangusa kuta, vyuma vya vitanda, vishikio vya milango, hata kamba za madirisha ambazo watoto huchezea. Mama Kapinga alipiga magoti akasugua chini ya kila kitanda, akiimba polepole kwa lugha ya kwao. Salle ilipokauka, watoto walirudi ndani. Baada ya hapo ilibaki kungoja majuma matatu kuona kama ndui itatokea kwa wengine, na kila asubuhi nilikuwa naogopa kufunua shuka.

Yule mtoto wa kwanza naye amepona. Makovu yatabaki usoni, lakini anaona na anakula. Leo ameomba ugali mara ya pili.

Mchana Mama Kapinga alikuja kumchukua mjukuu wake. Nilimwambia aksanti, nikamkunjia nguo za mtoto.

"Aksanti ya nini?" alisema. "Mujukuu wangu alikuwa mule ndani."

Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini amepika chakula. Akamfunga mtoto mgongoni.

Kesho anahamia kambini kwa watu wake. Anasema huku mtaani hawezi kulala tena kwa hofu ya askari. Labda kutoka huko atapelekwa Kasai, labda hatutaonana.

Nitaamka mapema. Nitamsindikiza.