Udongo wa Mama

Nyamera Akeyo, dada yangu,

Waambie watu wa Kosele kwamba kaka yako ndiye mwenye bahati kuliko wanaume wote wa Muhuru Bay. Ule udongo wa kaburi la mama ulioniomba, ili naye ahamie boma lenu jipya, ninao tayari, kopo zima.

Siku hizi mimi ni mtu wa setilaiti, usinichezee! Asmaa, mtafiti wa kinamasi, ana ramani iliyopakwa rangi na kompyuta kutokana na picha za angani: kijani ni mafunjo, buluu ni maji, kahawia ni nchi kavu. Mimi huenda mahali penyewe kuangalia kama kompyuta imesema kweli. Basi nikaona doa la kahawia pale boma letu la zamani lilipozama, pamoja na kaburi la mama, ziwa lilipopanda. Nikacheka peke yangu.

"Odoyo, umeona mchumba?" Asmaa akauliza.

"Nimeona mama."

Tukaenda kwa mtumbwi mpaka simu ikasema tumefika. Nchi kavu hakuna, ni mafunjo makavu yanaelea tu. Upepo haukuwepo, lakini yalitikisika. Nikashusha mti wa kusukumia, ukagonga kitu kigumu chini. Ni ile saruji niliyommwagia mama kwa mikono yangu. Kisha ukagongwa tena, kutoka chini, na mimi nilikuwa nimetulia.

"Andika maji," Asmaa akasema. Nikaandika.

Nisalimie watoto. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Akeyo, nilidanganya. Sina udongo wowote.

Ndugu yako,
Odoyo