Sketi Niliyokataa Kuipanua

Alhamisi. Mvua haijakatika mtaani kwetu Biryogo tangu asubuhi, na wateja wamebaki kwao.

Amekuja mmoja tu: Zawadi, binti wa marehemu dada yangu Mariamu. Ametupa sketi yake juu ya cherehani.

"Mama mdogo, nipanulie kiuno. Chapati zako zimenishinda."

Nimemtazama. Uso ni uleule. Tumbo ndilo limejaa.

Mariamu alikuwa fundi mwenzangu, tulishona tukitazamana. Sisi mafundi nguo ikibana hatuulizi kwa nini. Tunafumua mshono, tunaongeza kidogo, siku inaendelea. Ndivyo alivyopanua sketi zake zote. Wateja wakampongeza, "Hongera, unatuletea mtoto!" Naye akicheka: "Kwa umri huu? Labda nizae bibi!" Alishiba kwa vijiko viwili vya wali, alikwenda msalani kila mara, na sote tukasema ni vidonda vya tumbo.

Ilikuwa saratani ya ovari. Haikupiga kelele.

Simlaumu mtu. Hatukujua.

Lakini leo najua. "Sipanui," nikamwambia Zawadi. "Kwanza kipimo."

"Oya, Mama mdogo! Kwa sketi tu?"

"Kwa sketi tu."

Tumekwenda zahanati chini ya mwavuli mmoja. Kwenye ekografi, kipimo cha picha ya tumbo, daktari ameona uvimbe wenye maji katika ovari ya kushoto. Akatueleza polepole: uvimbe wa namna hiyo ni wa kawaida kwa wasichana, mara nyingi si saratani, na mara nyingi huisha wenyewe. Ila kwa sababu ya mama yake, lazima arudi kupimwa tena, na tumbo likiendelea kujaa wiki baada ya wiki asilipuuze.

Nikashukuru kimoyomoyo. Kisha daktari akanigeukia.

"Na wewe, mama? Marehemu ni dada yako wa tumbo moja? Saratani hii huweza kurithiwa katika ukoo. Hata kama huumwi, njoo tuzungumze."

Nikatazama viatu vyangu vilivyolowa. Nilitaka kusema nina nguo za harusi za kumaliza. Ni kweli, ninazo. Zaidi ya hapo, naogopa.

Zawadi akajibu kabla yangu, kwa sauti ile ya mama yake ya kuamrisha. "Atakuja Jumatatu, daktari. Nitamleta mwenyewe."

Tangu msiba nilidhani dada ameniachia mtoto nimtunze. Kumbe mtoto naye aliachiwa mimi.

Jumatatu sifungui duka.