Uti wa Mgongo wa Kwihara

Dada yangu Nyanzala,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na ng'ombe mko salama, na mvua imeikumbuka Choma. Mimi mzima, na Kwihara nzima inanitegemea. Hata wageni wanaokuja kuona nyumba ya tembe ya yule Mzungu msafiri wa zamani, nadhani huulizia kwanza tanuru langu la matofali.

Ulisema, kama jumuiya ya kanisani hainitaki, nirudi nyumbani. Sirudi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Ilianza hivi. Tulikuwa tunasali nyumbani kwa mwenyekiti wetu wa jumuiya, Kasiano, likasomwa lile neno la Mtume Paulo, kwamba sisi ni mwili mmoja wenye viungo vingi. Kasiano akaanza kugawa. Katekista mdomo, mama wa kwaya koo, yeye mwenyewe kichwa. Nikauliza, "Na mimi?"

"Masanja, wewe mtu wa kuja. Mwili wako uko Choma."

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Matofali ya huo ukuta unaouegemea nimeyafyatua mimi. Mimi ndiye uti wa mgongo."

Wiki ile ile akafariki Bibi Monika, jirani yangu, aliyenipikia uji nilipougua malaria. Huku kaburi linachimbwa na wanaume wa jumuiya, na asiyeitwa kuchimba ajue siku yake hana wa kumchimbia. Kasiano alipita nyumba zote kuita watu. Yangu akairuka. Nikabeba sululu nikaenda.

Dada, nilichimba. Ardhi kama chungu kilichochomwa, cheche zinaruka hadi mtu angewashia sigara. Wenzangu walibaki kushika mipini tu na kunitazama. Shimo lilipofika kifuani, Kasiano akatokea.

"Nani kamwita huyu? Masanja, toka."

Nikakaa chini humo humo. "Sitoki mpaka useme mimi ni kiungo gani."

"Bwana wee, maiti iko njiani."

"Basi sema upesi."

Mzee Saidi, seremala, aliyekuja kumchimbia jirani yake, akaegemea koleo. "Mie wa msikitini mmenipokea. Huyu mnayesali naye ndiye mnayemfukuza?"

Hapo nyimbo za waombolezaji zilishaanza kusikika. Kasiano akavua koti, akarukia ndani, akanishika makwapani. "Kiungo gani sijui," akasema, "lakini kinauma mwili mzima. Inuka." Yeye akasukuma, Mzee Saidi akavuta kutoka juu. Bibi Monika akazikwa vizuri.

Kwa hiyo nimeshinda. Kasiano amesema mbele ya watu kwamba ukitokea msiba mwingine ataanza kubisha hodi kwangu. Na wiki hii jumuiya yote inakuja kusali nyumbani kwangu.

Nisalimie shemeji, na mama yake mzee, na wapwa wangu wote. Yule wa mwisho mwambie mjomba wake hafukuzwi mahali.

Sasa hili lisome peke yako. Pale kaburini nilikaa chini kwa sababu kiuno kilinikaza. Hata wangenibembeleza, nisingeinuka. Jumuiya inakuja kwangu kwa kuwa mpaka leo sijaweza kufika mlangoni, na anayenikanda mgongo kwa maji ya moto kila jioni ni Kasiano.

Mdogo wako asiyerudi,
Masanja