Niliyemdhania Ngoloko

Mnyambe, Newala

Dada Mwanaisha, shikamoo. Ukungu wa huku ukweni ni mzito, mkorosho wa pili huuoni.

Jana asubuhi nilikwenda peke yangu shambani kuokota kuni. Chini ya mkorosho nikaona kitu kirefu kimeinama, kina manyoya meusi. Nikamkumbuka ngoloko, lile jitu mfano wa nyani ambalo bibi alisema hunyakua wanawake. Nikapiga yowe, nikarusha jiwe kwa nguvu zangu zote.

"Mwanangu, ni mimi!"

Alikuwa baba mkwe, akipalilia huku amevaa koti la manyoya la mtumba alilonunua Masasi kwa ajili ya baridi. Damu ilimchuruzika usoni. Nilipiga magoti kando yake, nikafungua khanga yangu.

Majirani wakaja mbio na mapanga. Yeye akawaambia, "Nimejigonga kwenye tawi. Mkwe wangu kaogopa damu." Nami nikanyamaza, dada. Wakanisifu kwa kumfunga kidonda kwa khanga yangu. Mchana mama mkwe akaniwekea paja la kuku juu ya ugali wa muhogo, nami nikalila huku nimeinamisha kichwa.

Leo nimeshindwa kuvumilia, nikamfuata mama mkwe jikoni nikamweleza yote. Aliendelea kutwanga kisamvu, kisha akasema taratibu, "Mume wangu alishaniambia jana. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Wabusu wanao. Habari hii ibaki kwako mpaka siku nitakapoweza kuicheka.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura