Wasichana wa Fagio Saa ya Hesabu

Yaya Salima, dada yangu,

Ni mimi Hamisi, mudogo wako, yule uliyekuwa unaniita Bwana Mukubwa Bila Viatu. Sasa viatu viko, Yaya. Hata pikipiki iko. Muji wa Kasongo muzima hakuna anayepita matope ya njia ya Kabambare kama mimi. Ungeuliza madereva wenzangu pale sokoni, wale waongo wote wangekubali.

Lakini sikuandikii kwa kujisifu. Basi, kidogo tu.

Ni Zaina, binti yako. Amefika kalasi ya sita na hesabu zinamushinda. Yule mutoto! Ulikuwa unamwaga karanga kwenye mukeka, unamuambia, "Gawa kwa watu wanne," naye anagawa mbio mbio, zile za kubaki munanitupia kinywani. "Mabaki ni ya mujomba!" Mulicheka, ninyi. Mimi niliyekimbia masomo kwa sababu ya kugawanya, nikashiba kwa kugawanya kwenu.

Sasa mwalimu amemuambia Mama yetu kwamba kichwa cha musichana hakiko cha hesabu. Na Mama amekata neno: Zaina akianguka egzame ya serikali, ule mutihani wa mwisho, ataenda Kabambare kwa Shangazi, kulima. Kurudilia kalasi hakuna. Nikaacha sahani yangu imejaa. Mimi, kuacha chakula! Ungenishika paji ukadhani ni malaria.

Halafu asubuhi moja nikapeleka abiria, mama moja, pale kwenye masomo. Nikamukuta Zaina kwenye kiwanja, ameinama na fagio, yeye na wenzake, wote wasichana. Ndani wavulana wanaimba: saba mara mbili, saba mara tatu. Hesabu ndiyo saa ya kwanza, Yaya. Mwenye kuchelewa anafagia mupaka iishe. Na nani anachelewa? Ni mwenye kutoka chemchemini na bidoni ya maji kichwani. Ulipokuwa hai, maji ulichota wewe mbele ya jua kutoka. Tangu uende, anachota yeye. Hata yale ninayooga mimi, kijana muzuri wa muji. Alikuwa anafagia, na midomo yake inafuata wavulana, polepole, bila sauti.

Sasa bidoni ninazifunga kwenye pikipiki mimi mwenyewe. Wamama wa chemchemi wananicheka: "Bibi-arusi amefika! Kitenge chako kiko wapi?" Ninawajibu kwamba wana wivu, hakuna kati yao mwenye shingo nzuri kama yangu.

Zaina anafika mapema, anakaa ndani. Lakini mukono hanyooshi. Nilipomuuliza, akasema, "Mujomba, mwalimu amezoea kuuliza wavulana." Jana nikamwaga karanga kwenye mukeka wako. Akaziangalia tu. Akaenda kuosha sahani.

Nikaziacha karanga pale pale, Yaya. Maji ninaweza kubeba. Hii ingine sijui inashikwa wapi.

Karanga bado ziko pale. Nimekataza Mama kuzigusa, amenitukana, nimevumilia. Kila jioni nitakaa kwenye ule mukeka na kugawa vibaya, makusudi, mupaka mutoto wako achoke kuniona mujinga na anisahihishe. Maji ni yangu, egzame ipite isipite. Na akianguka, wamutafutie dereva mwingine wa Kabambare. Mimi ninayejua ile njia kuliko wote sitamupakiza.

Mungu akurehemu, Yaya. Pumzika. Bidoni ziko tupu, ninaenda.

Hamisi, mwenye viatu