Aliitika kwa Niaba Yako

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekubali dawa mpya. Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Shemeji yako anakusalimu sana. Bado anakoroma kama jenereta na bado anakana.

Najua hupendi nikutajie mdogo wetu, Flashi. Tangu aje kuishi nasi nimeliheshimu hilo, ila leo nitamtaja. Nakuomba usiikunje barua. Sijasahau kilichowatenganisha. Siku ile Twiga wetu, mwanao wa kwanza, alipouawa kwenye mapigano ya darajani, picha alizopiga Flashi zilijaa gazetini, zote za watoto wa watu wengine. Jeshi likakuletea sanduku lililofungwa, ukaambiwa usilifungue. Ulimuuliza Flashi kama alimwona mwanao na kama alikufa peke yake, naye akatazama chini. Toka siku hiyo hukumwita tena ndugu.

Sasa sikiliza. Muhula huu nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho shairi la mpiga picha aliyekwenda vitani. Ni shairi fupi. Anafika kwenye kijiji kinachoungua, mama mmoja anamnyooshea mkono, naye anainua kamera. Kuna mshororo unaosema: “Alifumba jicho moja, kijiji kikateketea katika lile jingine.” Niliwataka waeleze maana ya jicho lililofumbwa, na waseme kama mpiga picha anastahili lawama. Karibu darasa zima lilimlaumu. Binti mmoja mpole, anayekaa karibu na dirisha bovu, aliandika kwamba jicho lililofumbwa ndilo lililokuwa na huruma, na kwamba mtu mwenye mikono miwili hana sababu ya kuishika kamera kwa yote miwili. Nilimpa alama zote.

Madaftari niliyaacha sebuleni. Niliporudi kutoka sokoni nikamkuta Flashi ameyasoma yote, moja baada ya jingine, na chai yake imepoa pembeni. Siku hizi anapiga picha za pasipoti tu, pale karibu na posta. Kazi yake ni kuwaambia watu wasitabasamu, na mwenyewe akirudi nyumbani haongei zaidi ya ndiyo na asante. Siku hiyo aliniuliza kama anaweza kuja darasani. Nilitaka kukataa, maana watoto wale wakimpata mtu hawamwachi hivi hivi. Lakini ni lini mara ya mwisho Flashi aliniomba kitu? Nikamwambia aje.

Alikuja na shati lililopigwa pasi, mikono kaitia mifukoni. Aliwaambia kwamba alikuwa mpiga picha wa gazeti wakati wa vita vyetu, na kwamba hakuja kujitetea. Aliyeandika habari ya mikono miwili ameandika kweli. Akawaeleza kwamba maiti ukiitazama kupitia kamera inakuwa kazi: unapima mwanga, unapima umbali, basi. Ukiishusha kamera, inakuwa mtu. Yule binti akasimama, akauliza kwa adabu kama yeye aliwahi kuishusha. Flashi akaitoa mikono mifukoni.

“Mara moja,” akasema. Kisha akaomba radhi, akatoka.

Nilimkuta nyuma ya maabara amechuchumaa. Hapo ndipo aliponiambia, Dada. Nimetafuta njia laini ya kukufikishia, sijaipata, kwa hiyo nakueleza kama nilivyoelezwa.

Mara hiyo moja ilikuwa kwa mwanao. Flashi alimkuta chini ya daraja kati ya majeruhi, amepigwa tumboni. Aliinua kamera kabla hajamtambua. Alipomtambua aliiweka chini, akakaa kwenye matope, akampakata kichwa. Twiga alikuwa haoni tena. Hakujua kwamba aliyemshika ni mjomba wake. Alikuwa anakuita wewe. Alikuita, akakuita, na hapakuwa na wa kuitika.

“Nikaitika mimi,” Flashi aliniambia. “Nikasema, abee mwanangu, nipo. Mwanamume mzima, nikasema abee.”

Kila alipokuita, Flashi aliitika vile vile, kwa sauti nyembamba, mpaka mtoto akatulia. Anasema alifariki akiamini uko naye. Na hicho ndicho kilichomfunga mdomo mbele yako. Anaona alichukua nafasi yako bila ruhusa, kwamba neno la mwisho la mwanao lilikuwa lako, akaliiba yeye. Hakupiga picha yoyote pale. Hana cha kukuonyesha, na aliogopa hutamwamini.

Barua hii nimemsomea kabla ya kuifunga. Alinisahihisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba Twiga alikuwa na maumivu hadi mwisho, akaniambia nikate. Anasema maumivu yaliisha alipoitikiwa. Kama ni kweli au ananihurumia, sijui. Nimekata.

Lia, Dada, usijizuie. Natamani ningekuwa karibu nikushike. Wasalimie watoto wote, na jirani yako anayekuchotea maji. Simu ya Flashi ni ile ile. Ukimpigia atashtuka na hatasema kitu mwanzoni. Usikate.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwalimu